Kamari Iliyohamia Nyumbani

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani wa jumuiya ndogo ndogo



Mlipotualika kuzungumza juu ya kamari, huenda mlitarajia tuanze na Amri za Mungu. Tutafika huko, wala hatutakawia. Lakini turuhusuni kwanza tuanze na farasi, kwa maana katika habari ya farasi twaona waziwazi jambo ambalo katika habari ya mpira limefichika.

Wengi wenu mmeupita uwanja wa mbio za farasi wa barabara ya Ngong, hapa Nairobi, mkiwa ndani ya matatu, pasipo kuingia. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1954, mwaka ule ule wa Operesheni Anvil, wakati maelfu ya wakazi wa mji huu walipokamatwa, wakachujwa na kupelekwa kizuizini. Haukujengwa kwa ajili yetu. Mwafrika aliyeonekana pale siku hizo kwa kawaida alikuwa saisi, ameshika hatamu za farasi wa mtu mwingine. Mambo hayo yamebadilika, na leo yeyote aweza kulipa kiingilio akaingia na watoto wake.

Nasi tuliingia. Mkristo mmoja wa parokia yetu, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo ya usaisi, alitusihi kwa muda mrefu tukaone kazi ya mikono yake, na Jumapili moja baada ya Misa ya tatu tukaenda. Hatuoni haya kusema kwamba tulifurahi. Kabla ya kila mbio, farasi hutembezwa polepole katika uga wao, na watu husimama kandokando ya uzio wakiwatazama miguu, ngozi na masikio. Yule saisi wetu alitufundisha kutazama: huyu anatoka jasho mapema mno, amechoka kabla ya kuanza, yule masikio yamesimama, ana hamu. Kisha wapanda farasi hupanda, farasi huondoka, na watu huenda kwenye dirisha la kuwekea dau. Mbio zenyewe ni fupi. Ikiwa ni mita 1,200, zaidi kidogo ya dakika moja imekwisha. Husikika kishindo cha kwato, ardhi hutetemeka chini ya miguu, watu hupiga kelele, halafu kimya. Baada ya hapo ni kungoja nusu saa au zaidi hadi mbio nyingine.

Yafaa tuieleze namna fedha inavyokwenda pale dirishani, kwa sababu wengi huidhania vibaya. Katika dau la pamoja, fedha za wote huingia katika chungu kimoja. Wenye uwanja na serikali hukata fungu lao kwanza, kisha kilichobaki hugawiwa wale waliochagua farasi aliyeshinda. Kwa hiyo anayeshinda huchukua fedha ya jirani yake aliyeshindwa, na anayekata fungu hapotezi kamwe. Likumbukeni fungu hilo, tutalirudia.

Mbele yetu alikuwapo mzee mmoja na mkewe. Mzee aliweka shilingi mia katika mbio ya kwanza, akapoteza. Mia katika ya pili, akapoteza. Katika ya tatu akarudishiwa mia mbili na kitu, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Ilipofika mbio ya sita akatoa noti ya elfu moja. Mkewe hakumnyang'anya. Alimgusa kiwiko tu, akasema, "Baba Njeri, na nauli?" Mzee akairudisha noti mfukoni, akanunua njugu.

Tumelifikiri sana lile neno "na nauli?". Hatusemi kwamba uwanja wa mbio ni mahali patakatifu. Wako waliouza mashamba kwa ajili ya farasi, na wako wanaotoka pale wamelewa hadi jirani huwashika mkono kuwavusha barabara. Lakini hebu tazameni mtu aendaye uwanjani amezungukwa na nini. Yambidi angoje siku yenyewe, kwa kuwa mbio hazipo kila siku. Yambidi avae viatu, aondoke nyumbani mchana, na watu wake wajue aendako. Yambidi abebe fedha taslimu, na zikiisha mfukoni zimeisha. Husimama katikati ya watu wanaomwona akienda dirishani mara ya kwanza na mara ya tano. Hungoja nusu saa kati ya mbio na mbio, na katika nusu saa hiyo akili huweza kumrudia. Tena farasi ni kiumbe mwenye damu: huchoka, naye akichoka hurudishwa zizini. Mbio sita, saba au nane zikikwisha, lango hufungwa. Hata yule ambaye hana kiasi moyoni mwake hulazimishwa kuwa na kiasi, kwa sababu jua linatua.

Hakuna aliyeziweka nyua hizo kwa ajili ya wema wetu. Zilitokana tu na farasi kuwa farasi na mahali kuwa mahali. Lakini ziliwalinda watu, na sasa zimeondolewa moja baada ya nyingine.

Jambo la kuweka dau pasipo kwenda uwanjani si geni duniani, na historia yake ina somo la haki. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1906 ilikataza dau la barabarani. Kibarua aliyempa mtu shilingi yake kwenye pembe ya mtaa aliweza kukamatwa na kutozwa faini. Bwana mwenye simu nyumbani na hesabu ya mkopo kwa mpokea dau aliketi kitini pake akacheza atakavyo, wala hapakuwa na polisi wa kumgongea mlango. Hapo kale, basi, kucheza kamari kutoka nyumbani kulikuwa anasa ya tajiri, na sheria ilimlinda. Ndipo sheria ya mwaka 1960 ikaruhusu maduka ya dau, yakafunguliwa Mei 1961. Walioitunga waliogopa walichokiruhusu, wakataka maduka hayo yasiwe na mvuto: madirisha yasiyoonyesha ndani, pasiwe na televisheni wala kinywaji cha moto cha kumfanya mtu akae. Ilipofika mwaka 1986 masharti hayo yakalegezwa. Ufaransa ililiruhusu dau la pamoja viwanjani kwa sheria ya mwaka 1891, na nje ya viwanja kuanzia mwaka 1930. Na leo ndugu zetu wa Burkina Faso, Mali na Senegal huweka dau juu ya farasi wanaokimbia Ufaransa, farasi ambao hawatawaona maisha yao yote. Hatua kwa hatua, mchezaji ametengwa na uwanja.

Kwetu Kenya, sheria ya kamari ya mwaka 1966 ilitungwa kwa ajili ya majengo, madirisha na viwanja, vitu ambavyo mkaguzi aweza kuvitembelea akagonga mlango. Mwezi wa Machi 2007 ikaja M-Pesa, nasi sote tuliishangilia, na tulikuwa na haki kuishangilia. Baada ya miaka michache, makampuni ya kamari yakaipata njia ile ile ambayo mtoto humtumia mama yake fedha za dawa, yakaifanya barabara yao. Sheria mpya ilitiwa sahihi Agosti 2025. Kwa miaka mingi, basi, nyumba ya kamari ilikuwa katika kila mfuko wa suruali, huku sheria ikiendelea kutafuta mlango wa kugonga.

Sasa tuwaambieni habari ya mtu mmoja. Hatukuyasikia haya kitubioni, mjue hilo. Alituambia ofisini, na ametupa ruhusa kuyasema mradi tusimtaje. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana watoto watatu, hanywi pombe, tena alikuwa mweka hazina wa jumuiya yake. Fedha za jumuiya za kusaidiana katika misiba, shilingi 38,400, zilikaa katika namba yake ya simu.

Aliyekuja kwanza kwetu ni mkewe. Alilia kabla ya kuketi, akasema, "Padre, ana mwanamke mwingine. Usiku kucha yuko kwenye simu, nikigeuka anaifunika." Tulimwita mume. Alitutazama kwa muda, kisha akasema maneno ambayo hatukuyatazamia: "Laiti ingekuwa mwanamke, Padre, ningejua pa kuanzia."

Alianza na mpira, mikeka ya shilingi ishirini ya mwisho wa juma. Lakini mpira una saa zake. Usiku wa manane, viwanja vinapokuwa vimefungwa, simu ilimpa farasi. Si farasi wa Ngong, wala wa Uingereza, bali farasi wa kompyuta: picha zinazokimbia kwenye kioo, mbio mpya kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, Krismasi na Ijumaa Kuu. Wana majina, wana rangi, wana namba mgongoni, lakini hawapo. Hawatoki jasho wala masikio yao hayasemi kitu. Mshindi huchaguliwa na mashine, kwa namba zinazoangukia bahati tu, na picha huchorwa kumfuata. Tulimwuliza alikuwa akiwachaguaje. Akajibu kwamba alikuwa akitazama namba za siku za kuzaliwa za watoto wake. Kisha akasema, "Padre, mimi sijawahi hata kumgusa farasi."

Hebu sasa tufanye hesabu, tuseme tu kwa mfano. Mtu aende Ngong, acheze mbio zote nane kwa shilingi mia mia: ameweka shilingi 800 kwa mchana mzima, na hatarudi mpaka siku nyingine ya mbio. Mwingine alale kitandani tangu saa tatu usiku hadi saa saba, acheze shilingi ishirini tu kila dakika tatu: ni mara 80, ni shilingi 1,600, na kesho usiku aweza tena. Yule wa ishirini hujiona ndiye mwenye kiasi, kwa maana ishirini ni nini? Lakini mkumbuke lile fungu linalokatwa. Mlango ambapo mwenye mchezo hukata fungu lake, wa Ngong ameupita mara nane, wa kitandani ameupita mara themanini. Hata akishinda hapa na pale, ushindi wenyewe hurudi kupitishwa mlangoni tena, na kila mara unapungua. Hakuna ujuzi wa kuushinda mlango huo. Fundi wetu ni mtu mwerevu, hupima vyuma kwa milimita, lakini hesabu hii hakuwahi kuifanya, kwa sababu mchezo haukumpa nusu saa ya kungoja.

Wako wanaotuambia, "Padre, afadhali nyumbani. Sina nauli, sina kiingilio, sinywi bia, sikutani na marafiki wabaya." Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini nauli na kiingilio ni gharama ambayo mtu huiona, na kwa kuiona huipima. Nao marafiki, hata walio wabaya, wana macho. Kule uwanjani Mama Njeri alikuwapo kwenye kiwiko cha mumewe. Nyumbani mke yuko karibu zaidi, kwenye mto ule ule, naye haoni kitu. Ni ajabu kwamba mtu huweza kujificha ndani ya nyumba yake kuliko katikati ya umati.

Ndipo tufike kwenye mafundisho ya Kanisa. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 haisemi, katika aya yake ya 2413, kwamba michezo ya bahati au kuwekeana dau ni uovu kwa yenyewe. Yasema kwamba mambo hayo hayakubaliki pale yanapomnyima mtu kilicho cha lazima kwa mahitaji yake na ya wengine, na yaonya kwamba shauku ya kamari yaweza kugeuka kuwa utumwa. Mtazame aya hiyo imewekwa wapi: chini ya amri ya saba, ile inayokataza wizi. Twapenda kuifikiria kamari kama udhaifu wa mtu binafsi, kitu cha kumwonea huruma au cha kumcheka. Kanisa limeiweka mahali pa kuulizia: fedha hii ilikuwa ya nani? Ada ya mtoto ni ya mtoto. Fedha za msiba ni za marehemu ambaye bado hajafa.

Na marehemu huyo akafa. Mwezi wa Juni mzee mmoja wa jumuiya ile alifariki, na mjane wake akawatuma watu kwa mweka hazina. Hapakuwa na kitu kwenye simu ila deni la mkopo wa simu, kwa maana fedha za jumuiya zilipokwisha alikuwa ameanza kukopa huko huko kitandani, kwa kubonyeza tu.

Mkutano wa jumuiya ulikuwa mkali. Wengine walitaka apelekwe polisi, wengine atengwe. Tulikuwapo, na twakiri kwamba hatukujua la kusema. Aliyesema ni mwenyekiti, mama wa makamo muuza mboga. Aliuliza, "Katika miaka miwili, ni nani kati yetu aliyewahi kumwomba atuonyeshe hesabu?" Watu wakatazama chini. Zamani fedha za jumuiya zilikaa katika sanduku la mbao lenye kufuli mbili, na funguo kwa watu wawili. Simu ilipokuja tulilitupa sanduku, tukampa mtu mmoja namba ya siri. Tukaweka hazina ya maskini na dirisha la kamari katika mfuko mmoja, kisha tukashangaa. Alitenda kosa, naye halikani. Lakini ule ua wa kufuli mbili tuliuondoa sisi.

Hakutengwa. Alikubali mbele ya wote kulipa shilingi 1,600 kila mwezi kwa miezi 24, na mkewe ndiye anayezileta. Mazishi yalifanyika kwa mchango mpya, na mjane yule, aliyekuwa na haki zaidi ya wote kukasirika, alikaa miezi mitatu bila kumpa mkono wakati wa amani. Hatukumkemea. Fundi mwenyewe aliiandikia kampuni ya kamari imfungie namba yake, jambo ambalo mchezaji aweza kuliomba, na wengi hawajui. Alinunua simu ndogo ya vitufe. Mara mbili ameanguka tena, akaja kutuambia.

Sasa yatupasa kujigeukia sisi wenyewe. Parokia yetu ilijenga nusu ya ukumbi huu kwa bahati nasibu. Tuliuza tiketi mlangoni mwa kanisa, zawadi ilikuwa ng'ombe wa maziwa, na sisi mapadri tulitangaza madhabahuni. Mtatuuliza tofauti iko wapi. Iko: droo ilikuwa moja kwa mwaka, ng'ombe alikuwa amefungwa pale nje kila mtu akamwona, na hakuna aliyecheza saa saba usiku. Hata hivyo tumeona vema tuiache. Mtoto aliyemwona padre akiuza bahati hatamwelewa padre anayehubiri juu ya bahati.

Tena mwaka jana mwenye duka la kamari mtaani alijitolea kuwapa vijana wetu wa mpira jezi, zenye jina la biashara yake kifuani. Zilikuwa jezi nzuri. Tulizirudisha, na vijana wakacheza msimu mzima na zile kuukuu, wakinung'unika, tena wakifungwa. Wako wazazi ambao mpaka leo waona tulikosea, na mmoja wao yumo humu ndani. Tunamheshimu.

Kwa upande wa serikali, mwezi wa Aprili 2025 bodi iliyosimamia kamari wakati huo ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Siku 30 si nyingi, lakini zilionyesha kwamba jambo hilo lawezekana. Wajumbe wa Haki na Amani, ninyi ndio wa kuisoma sheria mpya na kuwaeleza watu haki zao, ikiwa ni pamoja na haki ya kuomba kufungiwa. Twawasihi pia msiwakemee tu vijana barazani. Kijana asiye na kazi anayecheza shilingi ishirini haifuati furaha ya farasi. Anafuata mshahara ambao hakuna aliyempa. Ukimnyang'anya simu hujampa kazi.

Tulirudi Ngong mara moja zaidi, na safari hii tulikwenda pamoja na fundi. Si kwa kucheza. Yule saisi alimkaribisha zizini asubuhi, siku isiyokuwa ya mbio. Wengine mtasema tulimpeleka mlevi kilabuni, na pengine mna haki. Alisimama mbali mwanzoni. Kisha farasi mmoja mwekundu akamsogelea, akamnusa begani, naye akaweka kiganja shingoni mwake. "Ana joto," akasema, kama mtu aliyeshangaa. Saisi akamwuliza kama aweza kumtengenezea bawaba ya mlango wa zizi iliyokatika. Ameitengeneza.

Chai iko tayari, nasi tumesema kupita muda tuliopewa. Baada ya chai kila kanda ikae pamoja na mweka hazina wake. Twaomba mtuletee hapa mbele jibu la jambo moja: fedha za jumuiya yenu ziko katika simu ya nani, na ni nani mwingine aliyeiona hesabu yake mwezi uliopita.